Kabla ya Kuchimba Shimo la Kwanza, Uliza Nani Atapalilia

Mvua zinapopungua, wakulima hushauriwa waache kulima shamba zima, wachimbe mashimo ya kupandia na kufunika udongo kwa matandazo, yaani majani makavu na mabua. Ni ushauri mzuri. Shimo hukusanya maji ya mvua haba, na mbolea hubaki jirani na mizizi. Tatizo huja baadaye: udongo usiogeuzwa huotesha magugu mengi, hasa misimu ya mwanzo, matandazo yakiwa bado mepesi. Na palizi, sehemu nyingi, ni kazi ya wanawake. Plau ambayo kwa kawaida hushikwa na mwanamume imepumzishwa, huku jembe la mkono likiongezewa zamu. Mbinu ikiachwa msimu wa pili, husemwa kwamba wakulima hawakuelewa. Mara nyingi walielewa vizuri sana. Mikono ndiyo haikutosha.

Kwa hiyo kazi ipigiwe hesabu mapema. Chukua shimo lenye urefu wa sm 30, upana wa sm 15 na kina cha sm 20. Mistari ikiachana kwa sm 90 na mashimo kwa sm 70, hekta moja hubeba mashimo karibu 15,900. Mtu akichimba 150 kwa siku, atahitaji siku 106. Robo hekta ni mashimo yapatayo 4,000, yaani siku 27, na hapo ndipo pa kuanzia. Yachimbwe mara tu baada ya mavuno, kwa sababu mvua zikikaribia kazi nyingine zote hudai mikono ileile. Mwaka unaofuata mashimo hayohayo hufukuliwa tu, na kazi hupungua sana.

Afisa ugani au kamati ya kijiji itajuaje mikono iko wapi? Kwa kalenda ya kazi. Wanawake wakae kundi lao na wanaume lao, kila kundi liandike siku nzima, saa kwa saa, tangu kuamka hadi kulala: mara moja kwa msimu wa mvua, mara nyingine kwa kiangazi. Kisha karatasi ziwekwe pamoja na zijadiliwe. Zoezi hili likifanyiwa mkutano mmoja wa pamoja, jibu huwa “tunasaidiana”, na hakuna kinachojulikana. Kosa jingine ni kuuliza “unafanya kazi gani?” Kuteka maji, kutafuta kuni na kulea watoto havitatajwa, maana wengi hawaviiti kazi. Uliza “ulikuwa wapi saa kumi na moja alfajiri?”

Kuvuna maji ya paa ndiko huonyesha faida haraka kuliko yote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 800. Toa sehemu ya tano inayopotea, zibaki 640. Hizo ni ndoo 32 za lita 20, safari 32 za kisimani ambazo hakuna aliyekwenda. Muda huo ndio unaoweza kulipa palizi.

Suala la ardhi ni gumu zaidi. Ripoti ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2023 inaonyesha kuwa mashamba yanayosimamiwa na wanawake hutoa mavuno pungufu kwa asilimia 24 kwa eneo, yakilinganishwa na ya wanaume yenye ukubwa uleule. Sababu si uvivu. Anayelima kipande cha kuazima hapandi miti wala hachimbi makinga maji, kwa kuwa udongo ukishapona mwenye shamba huweza kukichukua. Kabla ya kumhimiza mwanamke aboreshe shamba la namna hiyo, apate makubaliano ya maandishi ya miaka isiyopungua mitano, yenye mashahidi, yanayotaja mipaka na nani atamiliki miti.

Utabiri wa hali ya hewa nao usitegemee simu pekee. Mara nyingi simu iko mfukoni mwa mume, naye akiwa amekwenda mbali kutafuta kibarua, ujumbe wa kuchelewesha kupanda humfikia yeye, si mke aliyeshika mbegu. Usajili uchukue namba ya anayepanda. Asiye na simu apangiwe jirani wa kumpa habari siku hiyohiyo, na tangazo libandikwe pale wanawake wanapopita kila siku: kisimani, zahanati, mashine ya kusaga.