Pemba si mkia wa Unguja

Ikitajwa Zanzibar, wengi huwaza Mji Mkongwe na fukwe za Nungwi. Pemba, yenye watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022, hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi kwa mambo yasiyo ya kweli.

La kwanza ni kwamba karafuu za Zanzibar ni za Unguja. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Ni kweli ilitamba kwanza Unguja. Lakini mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika. Tangu hapo karafuu nyingi hutoka Pemba. Waliopanda na kuchuma miaka hiyo walikuwa hasa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria visiwani hadi 1897. Historia ya zao hili isisimuliwe bila wao.

Msimu ukiingia, wachumaji wako juu ya miti, na majumbani wazee kwa watoto wanachambua karafuu na kuanika kwenye majamvi. Hata makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hayatupwi, hutolewa mafuta. Kwa hiyo wanaosema Wapemba ni maskini kwa uvivu wanawakosea sana. Kwa miongo mingi mkulima amekuwa na mnunuzi mmoja tu anayeruhusiwa kisheria, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na bei hupangwa bila yeye. Hapo ndipo pa kuanza kuuliza.

Wengine hudhani Pemba ni tambarare kama sehemu kubwa ya Unguja. Sivyo: ni vilima na mabonde yenye mpunga, migomba na mihogo, na Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani. Tena Unguja iliwahi kuungana na bara bahari ilipokuwa chini, ilhali mkondo wa Pemba, unaotenga kisiwa na bara, una kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana kuna viumbe wasiopatikana kwingine kokote, kama yule popo mkubwa wa Pemba, ambaye jamaa zake wa karibu wako visiwa vya Bahari ya Hindi na Asia, si bara la Afrika.

Na ile sifa kwamba Pemba ni kisiwa cha uchawi? Waganga wapo pwani yote. Kisiwa chenye magofu ya msikiti wa kale Ras Mkumbuu kinastahili kujulikana kwa zaidi ya hilo.

Wala karafuu si riziki pekee. Kilimo cha mwani kilishika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake, wanaofunga mbegu kwenye kamba maji yakitoka. Bahari inapozidi joto, aina yenye bei nzuri, kotoni, huoza kwenye maji ya kina kifupi. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, ila hulipa kidogo.