Mrija au Ufito? Rolikeji ya Celica ya Safari kwa 1/24

Wanaoanza kujenga magari madogo kwa mkono hukimbilia mirija ya plastiki. Hoja yao ni kwamba rolikeji, ile fremu ya ndani inayomkinga dereva gari likipinduka, kwenye gari halisi ni bomba lenye uwazi, basi na ya modeli iwe hivyo. Mimi hununua fito, yaani vijiti vya plastiki visivyo na uwazi ndani. Mrija nauweka kwa sehemu ambayo mdomo wake utaonekana.

Chukua Toyota Celica Turbo 4WD, gari aliloshindia Ian Duncan Safari Rally ya mwaka 1994. Boksi la vipande vya kuunganisha vya Celica ya Monte Carlo litakupa bodi na magurudumu, lakini bulba ya kukinga ng'ombe na punda milia utajitengenezea, pamoja na bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Rolikeji za boksini nazo mara nyingi huja nene, na mshono wa kalibu umepita urefu mzima.

Anza na kikokotoo. Mabomba mengi ya rolikeji za rally huwa ya milimita 38 au 40. Modeli ya 1/24 ni ndogo mara 24 kuliko gari halisi, kwa hiyo gawanya kwa 24, unapata 1.58 au 1.67. Ufito wa Evergreen, kampuni ya plastiki za modeli, wa milimita 1.6 unaingia hapo hapo. Mrija mwembamba kuliko yote wa kampuni hiyo ni wa 2.4, ambao kwenye gari halisi ungekuwa karibu milimita 58. Ukiuweka ndani ya Celica, dereva ataonekana amezungushiwa mabomba ya maji taka. Tena ukiukunja bila kuingiza waya wa shaba ndani, unabonyea penye kona.

Kukunja ufito ni kazi ya joto. Polistirini hulegea inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Mombasa maji ya birika yanafika huko. Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ufito unatoka ukiwa bado mkaidi. Kwa hiyo sisi wa huku juu tunatumia mshumaa: shika ufito juu kabisa ya ulimi wa moto, uzungushe bila kusimama, na ukianza kulegea ukunje kwenye shina la keekee lenye unene unaolingana na kona yako. Pitisha kona kidogo, maana itarudi. Ushike hadi upoe.

Maungio ndiyo yanayomwonyesha fundi. Ufito uliokatwa bapa ukiegemezwa kwenye mwenzake unaacha pengo pande mbili. Chonga ncha yake kwa tupa ya duara yenye unene uleule, ipate kukumbatia. Gundi iwe ile nyepesi kama maji, inayoyeyusha plastiki; gusa kiungo kwa ncha ya brashi, nayo itajivuta ndani yenyewe. Ikizidi, ufito unalainika na kupinda. Ukitaka alama ya kuchomelea, pasha moto juu ya mshumaa kipande cha ile fremu ya plastiki inayoshikilia vipande vya boksi, ukivute kiwe uzi, uzungushe kwenye kiungo, uguse gundi tena. Wengine hupaka mastiki hapo. Mimi naona inafuta kazi yote ya tupa.

Tao la nyuma ya viti litangulie, ulijaribu ndani ya bodi, ndipo ufuatishe nguzo za mbele. Usigandishe chochote kwenye paa kabla ya rangi.

Sasa mrija. Ule wa 2.4 unafaa sana kwa ekzosi, ila ukuta wake ni mnene mno. Zungusha ncha ya kisu mdomoni mpaka ukingo ubaki mwembamba. Kuingia milimita mbili kunatosha, ndani zaidi hakuna atakayeona. Mirija hii pia huingiana, 2.4 ndani ya 3.2, na 3.2 ndani ya 4.0, kwa hiyo shokomzoba unaipata kwa kukata tu. Vikombe vya taa za ziada navikata kwenye mrija wa 7.1, sawa na taa halisi ya milimita 170. Viringisha mrija chini ya kisu badala ya kuukandamiza, la sivyo kikombe kinatoka na umbo la yai.