Siri Nayo Hudai Dozi Yake

Kisa ninachoanza nacho nimekichanganya kutoka kwa watu kadhaa niliowahudumia hapa Tanga, ili asitokee mtu wa Makorora au Chumbageni akasema "huyu namjua". Kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, anakuja kunywa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, kila asubuhi kwa wiki tatu bila kukosa hata siku moja. Wiki ya nne anapotea. Anarudi baada ya miezi miwili, amekonda, mkono umevimba kwa sindano. Faili lake limejazwa vizuri: alianza na bangi, akaingia kwenye kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na heroini, akaishia kujidunga, aliacha shule kidato cha tatu, anaishi kwa shangazi yake. Mahali palipoandikwa "sababu ya kuanza kutumia" pana neno moja tu: marafiki.

Neno hilo nimelikuta kwenye mafaili mengi mno, na siku hizi siliamini. Rafiki anaweza kukuonjesha. Hawezi kukuamsha saa tisa za usiku, uko peke yako, ukapekua mifuko kutafuta kete.

Sababu yenyewe tuliipata baadaye sana. Alikuwa na miaka 15 alipokutwa na mvulana mwenzake. Ndugu zake walimpiga mpaka akapoteza fahamu, kisha akatolewa nje na nguo alizovaa. Alilala ufukweni karibu na wavuvi, akalala kwenye nyumba ambazo hazijaezekwa, na baadhi ya wanaume waliompa hifadhi walitaka malipo usiku huohuo. Unga, yaani heroini, aliujulia huko. Aliniambia kwa maneno machache: akivuta, analala bila kushtuka. Na siku aliyoacha dozi ndiyo siku aliyomwona jirani wa zamani wa kwao kwenye foleni ya dirisha letu.

Methadoni ilimwondolea arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga. Haikumwondolea yule jirani.

Mtu wa pwani akisema kapatwa na kiwewe, ana maana ya bumbuwazi la muda: gari limempita karibu, moyo unamwenda mbio, akinywa maji anatulia. Sisi tunalitumia neno hilohilo kwa bumbuwazi lisilotulia. Tukio limekwisha lakini mwili haujapata habari. Mlango ukibamizwa, anaruka. Bodaboda ikipunguza mwendo nyuma yake, anabadili njia. Usingizi hauji, na ukija unakuja na ndoto ileile. Homoni za hatari, ambazo kazi yake ni kumsaidia mtu akimbie kwa dakika chache, zinamwagika kutwa kucha. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda na wenzao walichapisha huko Marekani matokeo ya kuwauliza maelfu ya watu wazima mambo yaliyowafika utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kulelewa kwenye nyumba ya ugomvi au ulevi. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila hayo walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyofika mara 4 hadi 12 ya wale ambao hawakupitia hata moja.

Hayo ni kwa binadamu yeyote. Wengi wa wanaotumia unga mjini kwetu hawamo katika kundi ninalolizungumzia leo, na wengi wa kundi hilo hawajawahi kugusa unga. Lakini kwa watu wanaovutiwa na wa jinsia yao, na kwa wale ambao nafsi zao hazikubaliani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, kuna mzigo wa pili juu ya huo wa kwanza. Mwanasaikolojia Ilan Meyer aliuchambua katika maandishi yake ya mwaka 2003. Kupigwa na kufukuzwa ni sehemu moja tu. Kuna kungoja kupigwa, hata siku ambayo hakuna aliyeinua mkono. Kuna kujificha. Halafu, baada ya miaka, kuna kuyaamini yale unayotukanwa.

Kujificha ni kazi isiyo na likizo. Kiswahili chetu kina huruma kidogo hapa, maana "yeye" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na wapo wanaoishi miaka mingi ndani ya neno hilo. "Yeye hajambo? Yeye atakuja lini?" Shangazi akiuliza jina, mchezo umekwisha. Lugha hiyohiyo ina ukatili wake pia. Mwanamke wa Tanga humwita rafiki yake wa kike "shoga", neno la kupakana hina na kufuatana harusini. Likirushwa kwa mwanamume anayepita kijiweni, ni jiwe. Nimeona wanawake wawili wakiitana hivyo kwa vicheko kwenye daladala, na kijana wa kiti cha nyuma akainamisha kichwa kana kwamba kaitwa yeye.

Watu hupenda kunikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Ila sijasikia methali inayouliza alificha kwa sababu gani.

Ninapozungumza na wazazi na wajumbe wa mitaa, swali linalorudi ni hili: je, si kwamba watu hawa ni dhaifu tangu mwanzo, ndiyo maana wanakimbilia ulevi? Jibu bora ninalolijua lilipatikana Marekani, na halikupangwa na mtu. Watafiti waliwahoji watu walewale mara mbili, mwaka 2001 hadi 2002, kisha tena 2004 hadi 2005. Katikati yake baadhi ya majimbo yalipitisha marufuku ya ndoa za jinsia moja, mengine hayakupitisha. Mark Hatzenbuehler na wenzake walipolinganisha, walikuta kwamba katika majimbo yenye marufuku, matatizo ya pombe miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja yalikuwa yamepanda kwa asilimia 41.9. Majimbo mengine hayakuonyesha mpando kama huo. Sheria za ndoa za Marekani si zetu na sizijadili hapa. Ninachokiona ni kwamba watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni hewa waliyoivuta, yaani maneno ya redioni, ya kazini, ya mezani wakati wa kula.

Meza ya nyumbani ndiyo nzito kuliko zote. Caitlin Ryan na wenzake, mwaka 2009, waliwauliza vijana 224 wa California jinsi wazazi wao walivyowapokea. Waliokataliwa vikali walikuwa na uwezekano mara 3.4 zaidi wa kutumia dawa haramu, na mara 8.4 zaidi wa kusema wamewahi kujaribu kujiua, ukiwalinganisha na wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Mama mmoja niliyemweleza hayo alinijibu kwa ukali, "Kwa hiyo unataka nimpigie vigelegele?" Hapana, mama. Mimi si shehe, si padri, si hakimu, na simwombi mtu aiache dini yake. Naomba asilale nje. Kati ya vigelegele na kumfungia mtoto mlango kuna nafasi pana sana, na ndani ya nafasi hiyo maisha yanaokoka.

Sasa pombe na unga wenyewe. Pombe hutuliza wasiwasi kwa saa chache, kisha huukata usingizi vipande vipande, na alfajiri wasiwasi unarudi na riba. Unga unakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo mwili hutumia kwa dawa zake wenyewe za maumivu, zile zinazofanya kazi hata mtoto anapobembelezwa. Ndiyo maana mtu aliyekosa kubembelezwa anausifu kwa maneno yasiyohusu ulevi kabisa: joto, utulivu, kukumbatiwa. Lakini haukai. Saa 6 hadi 12 baada ya kuvuta, arosto inaanza kubisha hodi. Methadoni hudumu siku nzima, kwa hiyo dozi moja inatosha na kichwa kinapata nafasi ya kufikiri. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Leo mtu wa Tanga anaipata bila kupanda basi la Dar es Salaam.

Nisimame kwenye jambo moja ambalo familia nyingi hulifanya kwa nia njema, nalo huua. Kumfungia mtu ndani "mpaka umtoke". Mlevi wa pombe wa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka, na asipopata daktari anaweza kufa. Wa unga kwa kawaida hafi kwa arosto. Hatari yake iko siku anapotoka. Mwili umesahau, yeye hajasahau, anarudi kwenye kipimo cha zamani na pumzi inakata. Ukimkuta haamki, pumzi zinakuja kwa nadra, midomo imegeuka rangi ya majivu na mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta, mlaze ubavu, mkimbize hospitali na sema wazi ametumia nini. Ipo sindano ya naloksoni, nayo humrudisha mtu ndani ya dakika chache.

Wengine huniletea mtoto na ombi la pili, kwa sauti ya chini: "Na lile jambo lingine, mnaweza kulitibu?" Hapana, kwa kuwa si maradhi. Shirika la Afya Duniani lililiondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Anayekuahidi kulitoa, awe mganga au mwenye soba, nyumba ya kuwaachisha watu ulevi, anayetumia fimbo, anakuongezea kiwewe kingine unacholipia mwenyewe. Wasichana hukutana na tiba ya aina yake: ndoa ya haraka, au mwanaume "wa kumrekebisha". Hao siwaoni kwenye foleni, ambayo ni ya wanaume karibu yote. Wanakunywa ndani, mlango umefungwa, na nguo zilizoanikwa uani hazionyeshi lolote.

Upande wetu wahudumu nao una makosa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa kujamiiana "kinyume na maumbile", na mgonjwa anakijua kabla hajafika mlangoni. Akikuangalia anapima jambo moja tu: maneno yake yataishia wapi. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo historia ya mgonjwa ilichukuliwa dirishani, benchi la wanaosubiri likiwa hatua mbili nyuma yake. Hapo hata mimi ningesema "marafiki". Wala si sahihi kumlazimisha mtu aeleze yote siku ya kwanza ati ili apone. Kwanza apate dozi, chakula, usingizi, mahali salama pa kulala. Kidonda atakifunua akiona mikono yetu ni safi. Na ndugu wasiitwe mpaka akubali mwenyewe, hata kama ndugu huyo ndiye aliyelipa nauli.

Yule kijana wa mwanzo aliporudi, muuguzi alifanya kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo wowote. Alifunga dirisha la upande wa benchi, akahamisha kiti chake kikakaa ubavuni mwa mgonjwa badala ya mbele yake, akasema, "Mdogo wangu, leo siandiki." Kijana alikaa robo saa bila kutamka neno. Kisha akazungumza mpaka adhana ya adhuhuri. Alipomaliza alikunywa dozi yake, akaifuta midomo kwa kiganja, akauliza kama kesho dirisha litafungwa tena.