Kabla ya Kununua Tundu, Kagua Hewa ya Nyumba

Wanaotaka kufuga kasuku hunipigia simu na swali lile lile: "Daktari, ninunue tundu la ukubwa gani?" Nami huwauliza: hapo nyumbani mnapikia nini, na udi mnafukiza siku gani? Wengine hudhani nawatania.

Kasuku mdogo wa Australia, yule wa kijani na njano mwenye mistari myeusi mgongoni, ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Mapafu yake hayatanuki kama yetu. Ana mifuko ya hewa tisa inayoisukuma hewa ipite mapafuni kuelekea upande mmoja, kwa hiyo huinyonya oksijeni vizuri kuliko sisi. Sumu nayo huinyonya vivyo hivyo. Hadi miaka ya 1980 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka mashimoni na chiriku, kwa sababu ndege alizidiwa na gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, mapema kuliko wao. Jiko la mkaa ulilolihamishia ndani kwa sababu ya mvua linatoa gesi hiyo hiyo.

Mimi hili nilijifunza kwa machungu. Nikiwa bado mwanafunzi nilifuga wawili nyumbani kwetu Tanga, tundu nikalitundika ukumbini nje ya chumba cha mama. Alhamisi jioni mama akafukiza nguo kama ada yake, kisha chetezo akakiweka ukumbini, chini ya tundu. Asubuhi nilimkuta mmoja amekufa. Mwenzake amejivimbisha manyoya, na kila akivuta pumzi mkia unapanda na kushuka kama mpini wa pampu. Ndege anayepumua kwa mkia ana shida kubwa kifuani. Ukimwona hivyo, kimbia kwa daktari. Mama hakukosea kitu. Aliyelitundika tundu pale ni mimi. Kwangu udi unafukizwa hadi leo, ila ndege huhamishiwa kwanza chumba cha nyuma, na harudi mpaka harufu iishe kabisa.

Kikaango cha nonstiki ni kibaya zaidi, maana hakina moshi wa kukuonya. Kikisahauliwa motoni kitupu, utando wake ukapata joto kali, hutoa gesi inayoweza kuua ndege kwa dakika chache hata akiwa chumba kingine. Mimi nimerudi kwenye sufuria za kawaida, na tundu halikai jikoni wala karibu na jikoni.

Mbu je? Dawa ya kupuliza na ile ya kuwasha zote ziache. Funika tundu kwa chandarua kisichotiwa dawa, ukitandaze mbali na nyaya za tundu, kwa sababu kasuku hutafuna chochote anachokifikia na kucha zake hunasa kwenye nyuzi.

Sasa tundu lenyewe. Mafundi wetu wengi hutumia waya wa mabati, na mabati yamepakwa zinki. Kasuku hupanda kwa mdomo, akipita akibandua vichembe na kuvimeza, na zinki ikikusanyika mwilini humtia sumu. Ukiweza, nunua la chuma cha pua. La fundi lisugue kwa siki na brashi ngumu, suuza, anika juani. Hatari hupungua, haiishi. Nafasi kati ya nyaya isizidi sentimita 1.2 hivi, ama atapitisha kichwa anase. Vijiti vya kutulia vikate mpera, vinene na vyembamba, kwani kijiti cha unene mmoja humpa vidonda miguuni. Weka tundu kwenye ukuta, usawa wa macho yako, mbali na jua la mchana na mbali na televisheni. Anahitaji kulala kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku.

Siku ya kumtoa arukeruke, zima pangaboi na funika kila ndoo na pipa la maji. Watu huogopa paka, nao wana haki, lakini ndege hufa hata kwenye ndoo ya kuogea.

Chakula hakina maneno mengi: uwele, ulezi, mchicha, karoti, papai. Parachichi ni sumu kwake, na chokoleti pia.

Jambo moja la sheria: kasuku wa kijivu tangu mwaka 2017 yumo kwenye orodha kali kabisa ya biashara ya kimataifa ya wanyamapori. Ukiuziwa barabarani bila karatasi, achana naye.

Ukiwa na ndege wengine, mgeni akae peke yake chumba tofauti kwa siku 30 au zaidi. Kinyesi kikavu usikifagie, kilowanishe kwanza, kwani kuna homa ya kasuku inayoshika mapafu ya binadamu pia.

Kisha nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Ndege huficha ugonjwa, hudonoa mbegu bila kuzimeza ili aonekane anakula. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike kwenye daftari. Wa gramu 35 akishuka hadi 31 amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya mwili wake. Hapo mlete siku hiyo hiyo, hata kama anaimba.