Je, wajua kwa nini wanaodai bunge la dunia wanaanza kwa kuomba bunge lisilo na meno?

Mdogo wangu yuko kidato cha nne. Siku moja tunaangalia taarifa ya habari wanaonyesha Baraza la Usalama la UN, azimio linapigiwa kura, karibu wote wamenyoosha mikono kukubali halafu mmoja tu kanyoosha kupinga na azimio likafia hapo hapo. Akaniuliza, kaka hivi yule kachaguliwa na nani? Nikamwambia kateuliwa na serikali yake. Akasema haya, na sisi mtu wetu pale ni yupi, tulimpigia kura lini?

Nilikaa kimya kidogo maana sijawahi kuliwaza hilo swali hivyo. Jibu ni kwamba hatujawahi kumpigia mtu yeyote kura, na hakuna raia wa nchi yoyote aliyewahi. UN ina nchi wanachama 193 na kila anayekaa kwenye kile kiti New York anatumwa na serikali, anasema alichoambiwa na serikali, akienda kinyume anarudishwa nyumbani. Na wakati huo huo Mkataba wa UN uliosainiwa San Francisco mwaka 1945 unaanza na maneno "Sisi watu wa Umoja wa Mataifa". Sisi watu! Halafu uusome kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hukuti hata sehemu moja ambapo hao watu wanachagua mtu.

Sasa kumbe kuna watu wameliona hili pengo tangu siku za mwanzo kabisa na hawajanyamaza mpaka leo. Novemba 1945, UN haina hata mwezi mmoja tangu ianze kazi rasmi, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza Ernest Bevin alisimama bungeni kwao akasema panahitajika baraza la dunia linalochaguliwa moja kwa moja na watu. Mwaka 1947 Albert Einstein akaandika barua ya wazi kwa Baraza Kuu la UN, lile linalokaa nchi zote, akashauri wajumbe wachaguliwe na wananchi badala ya kuteuliwa na serikali. Mwaka huo huo mbunge mmoja wa Uingereza anaitwa Henry Usborne akaanzisha kampeni kabisa, mpango wake ulikuwa watu wachague wawakilishi wao wenyewe, mmoja kwa kila watu milioni moja, wakutane Geneva mwaka 1950. Hebu piga hiyo hesabu kwa leo. Sisi Watanzania kwa sensa ya 2022 tuko milioni 61 na ushee, kwahiyo tungepeleka watu 61, India wangepeleka zaidi ya 1,400, na ukumbi mzima ungekuwa na watu kama 8,000. Haikufika popote, lakini wazo lilikuwa limeshatoka mdomoni.

Ila anayenigusa zaidi mimi ni kijana mmoja wa Kimarekani anaitwa Garry Davis. Huyu alikuwa rubani wa ndege za kutupa mabomu kwenye vita vya pili, na kaka yake alifia vitani Italia. Vita imeisha karudi nyumbani lakini hana amani, anawaza miji aliyoitupia mabomu na watu waliokuwa chini. Mei 1948 akaenda Paris kwenye ubalozi wa Marekani akaukana uraia, akasema kuanzia leo mimi ni raia wa dunia. Fikiria mtu wa miaka 26 anafanya hivyo. Wafaransa wakaanza kumsumbua maana hana karatasi, muda wake wa kukaa unaisha, na bahati nzuri UN ilikuwa inafanya mkutano wake mwaka huo hapo hapo Paris kwenye jumba la Palais de Chaillot, na eneo lile lilikuwa limetangazwa ni ardhi ya kimataifa kwa muda wa mkutano. Jamaa akaenda akalala pale nje. Yani kaingia kwenye ardhi ya UN na kusema mnifukuze muone, mimi siko Ufaransa. Akakaa siku kadhaa, waandishi wa habari wanakuja, watu wa Paris wanamletea chakula, mwisho polisi wakamtoa.

Hakukata tamaa. Tarehe 19 Novemba akaingia ukumbini kwenye eneo la wageni, kikao cha Baraza Kuu kinaendelea, akasimama akaanza kupaza sauti kwamba anawakatiza kwa niaba ya watu wa dunia ambao hawana mwakilishi mle ndani. Walinzi wakamkamata kabla hajafika mbali. Lakini walikuwa wamejipanga! Mwenzake Robert Sarrazac, aliyepigana kwenye upinzani dhidi ya Wajerumani wakati wa vita, akainuka sehemu nyingine ya ukumbi akaendelea na ile hotuba. Ndani ya wiki chache mikutano yake ilikuwa inajaza maelfu kwa maelfu ya watu pale Paris, na mwaka uliofuata mji mdogo wa Ufaransa unaitwa Cahors ukajitangaza ni mji wa dunia, na vijiji vingi jirani vikafuata. Davis aliishi na hiyo kazi mpaka alipofariki mwaka 2013, akisafiri na pasipoti ya raia wa dunia aliyoitengeneza mwenyewe na kuwekwa ndani mara nyingi sana mipakani kwa ajili hiyo.

Sasa turudi kwenye swali. Kama kiu ni ya zamani hivi, kwa nini wanaofanya kampeni leo hawadai bunge kamili lenye kutunga sheria, wanadai kitu kidogo hivi, baraza la wabunge la kushauri tu ndani ya UN?

Sababu ya kwanza iko ndani ya Mkataba wenyewe na ukiielewa hii umeielewa kampeni yote. Ukitaka kubadilisha kipengele chochote cha Mkataba wa UN unahitaji theluthi mbili ya nchi zote ziridhie, na ndani ya hizo lazima wawemo wale wakubwa watano wote, Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Mmoja akigoma biashara imeisha. Ndo maana mara ya mwisho mabadiliko ya Mkataba kuanza kutumika ilikuwa 1973, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Lakini kuna kifungu cha 22, kifupi mno, kinasema Baraza Kuu linaweza kuunda vyombo vyake vidogo vya kulisaidia kazi. Na kwenye Baraza Kuu hakuna kura ya turufu, ile ambayo mkubwa mmoja kati ya wale watano anaua azimio peke yake kwenye Baraza la Usalama. Nchi ndogo kama Comoro ina kura moja na Marekani ina kura moja.

Usione ni ujanja wa kwenye makaratasi tu, vitu vikubwa vimezaliwa kwa kura za Baraza Kuu. UNICEF unayoijua wewe, ya chanjo na madaftari ya shule, iliundwa kwa azimio la Baraza Kuu mwaka 1946. Shirika la mazingira la UN lile lenye makao makuu Gigiri pale Nairobi, hivyo hivyo, azimio la 1972. Hakuna aliyegusa Mkataba. Kwahiyo wanakampeni wanasema, tuanzishe baraza la wabunge kwa kifungu hiki hiki, na kwa kuwa kifungu hakiruhusu kukipa chombo hicho mamlaka ambayo hata Baraza Kuu lenyewe halina, basi litakuwa la kushauri, kuhoji, kukagua, kupendekeza. Wabunge wake mwanzoni watoke kwenye mabunge ya nchi, wa chama tawala na wa upinzani, halafu nchi itakayokuwa tayari iruhusu wananchi wake wawachague moja kwa moja.

Sababu ya pili ni Ulaya. Septemba 1952 pale Strasbourg, Ufaransa, walikutana watu 78 tu, wametoka kwenye mabunge ya nchi sita, kazi yao kusimamia umoja wa makaa ya mawe na chuma. Makaa ya mawe! Hawakuwa na uwezo wa kutunga sheria hata moja na hakuna mwananchi aliyewapigia kura. Wakaanza kubana kidogo kidogo, mwaka 1962 wakajiita wenyewe Bunge la Ulaya, miaka ya 70 wakapata sauti kwenye bajeti, na mwaka 1979 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa wananchi moja kwa moja, spika wa kwanza baada ya hapo akawa Simone Veil, mama aliyetoka hai kwenye kambi ya Auschwitz. Leo wako wabunge 720 na sheria nyingi za Ulaya hazipiti bila wao. Mbuyu ulianza kama mchicha, na hawa wanakampeni wanachoomba ni mchicha upandwe.

Lakini lazima niseme ukweli wote, maana sisi Waafrika tunao mchicha wetu na bado haujawa mbuyu. Bunge la Afrika lilianza Machi 2004, makao yake Midrand Afrika Kusini, na rais wake wa kwanza alikuwa mama yetu Gertrude Mongella, yule yule aliyeongoza mkutano wa wanawake wa Beijing 1995. Kila nchi inapeleka wabunge watano na lazima angalau mmoja awe mwanamke. Ahadi ilikuwa litaanza na kushauri halafu litapewa meno. Mwaka 2014 ikapitishwa itifaki kule Malabo ya kulipa nguvu kiasi za kutunga sheria, inahitaji nchi 28 ziridhie, na miaka zaidi ya kumi imepita serikali zetu zimekalia kalamu. Hiyo inaniuma. Na hapo hapo ujue kwamba bunge hili hili la Midrand ndo lilikuwa kati ya mabunge ya kwanza ya kimataifa kuunga mkono rasmi bunge la UN, Oktoba 2007, likarudia tena 2016. Wenyewe hawana meno lakini wamesimama kudai dunia nzima iwe na bunge.

Tukija Arusha, Bunge la Afrika Mashariki lililoanza 2001 lina nguvu zaidi, linatunga sheria kweli ingawa lazima marais wote wazisaini, lakini wale wabunge 9 wa kila nchi wanachaguliwa na mabunge ya nchi zao, sio mimi na wewe. Kwahiyo tofauti ya Strasbourg na kwetu naiona iko hapo, kule wananchi walipoanza kupiga kura mwaka 1979 wabunge wakapata watu wa nyuma yao wa kusema tumetumwa na hawa, na ukishatumwa na watu ni vigumu serikali kukunyamazisha. Mimi ningekuwa kwenye hii kampeni hilo la kuchagua moja kwa moja ningelisukuma mapema sana, nisingelisubiri.

Kampeni ya sasa ilizinduliwa Aprili 2007, aliyekuwa Katibu Mkuu wa UN Boutros Boutros-Ghali akaiunga mkono, na zaidi ya wabunge 1,500 waliopo na waliostaafu kutoka nchi zaidi ya 100 wameshasaini. Kazi yenyewe ni ya jasho, watu wa kawaida wanamfuata mbunge mmoja mmoja, wanampa karatasi, wanamwelezea, anasaini au hasaini. Kuna miaka ambayo Oktoba, karibu na siku ya UN tarehe 24, ilikuwa na wiki ya kutoka na mabango miji mbalimbali, sehemu nyingine walikuwa wengi, sehemu nyingine wachache na kitambaa chao. Mei 2024 mashirika ya kiraia yalikutana Nairobi kujiandaa na mkutano mkubwa wa UN wa mwezi Septemba, watu wakapeleka madai yao. Makubaliano yaliyotoka New York yakataja kushirikiana zaidi na mabunge ya nchi. Bunge la dunia halimo.

Najua kuna atakayesema si tayari kuna umoja wa mabunge duniani, tena Oktoba 2023 pale Luanda Tulia Ackson wetu alichaguliwa kuwa rais wake? Ndiyo upo, tangu 1889, na unafanya kazi nzuri, lakini ule ni umoja wa mabunge yenyewe kwa yenyewe, sio chombo cha UN. Mwingine atasema China na India zitatumeza kwa idadi. Hilo Ulaya walishalitatua, Malta yenye watu nusu milioni ina wabunge 6 na Ujerumani yenye watu milioni 80 na kitu ina 96, yani mdogo anapewa zaidi ya hesabu yake na mkubwa anapunguziwa. Anayeogopa nchi za kidikteta kupeleka vibaraka namwelewa kabisa, hilo ni gumu, ila mabalozi wao tayari wamekaa pale wote, na kwenye bunge angalau ile nchi jirani yenye upinzani itapeleka na mpinzani wake pia.

Baada ya lile swali la mdogo wangu, kulikuwa na mkutano wa hadhara wa mbunge wetu mtaani kwetu, barabara na maji kama kawaida, watu wakapewa nafasi ya kuuliza. Mdogo wangu akanyoosha mkono, akamwuliza mheshimiwa kama amewahi kusikia kampeni ya bunge la UN na kama atasaini. Watu wakageuka kumwangalia. Mheshimiwa akasema kweli hajaisikia, akamwomba aje mbele amwandikie jina la kampeni, dogo akaandika nyuma ya ratiba ya mkutano na kalamu ya kuazima. Mpaka leo hajapata jibu. Ameniambia mheshimiwa akirudi tena ataenda na karatasi yenyewe ya kusaini, ishapigwa chapa, iko kwenye begi lake la shule.