Je, wajua kwa nini mvuke wa bangi na moshi wake si kitu kimoja?

Tazama ncha ya msokoto mtu anapopiga pafu. Inang'aa nyekundu kwa sekunde mbili tatu, kisha inafifia na kuvaa majivu. Katika sekunde hizo joto la hapo nchani huzidi nyuzi 600 za Selsiasi, na pafu likikolea hukaribia 900. Lakini kile anachokitafuta mvutaji, yaani kemikali iitwayo THC, hakihitaji hata theluthi ya joto hilo. Kabla ya kufika nyuzi 200 tayari kimeanza kuliacha jani na kupaa na hewa.

Sasa mchukulie mtu ambaye daktari wake amemruhusu kutumia bangi kwa ajili ya maumivu, au kwa kichefuchefu kinacholetwa na dawa za saratani, na sheria ya nchi yake haimkatazi. Avute moshi, au atafute kifaa cha mvuke, maarufu kama vepu? Wengi watamjibu papo hapo kwamba mvuke ndio salama. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyosahaulika ililaza watu hospitalini kwa maelfu mwaka 2019. Tutafika huko.

Kwanza, joto lenyewe ni la nini? Kwa nini mtu asitafune jani, yakaisha? Kwa sababu katika jani bichi THC bado haijawa THC. Ipo katika umbo la asidi, THCA, ambalo halimleweshi mtu. Joto ndilo linalokata kipande cha molekuli hiyo, kipande kikatoka kama kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ndicho THC ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga ikiwa safi huko Israeli mwaka 1964. Kwa hiyo joto ni lazima. Moto si lazima.

Chukua shati lililolowa. Ukilipiga pasi yenye joto la kadiri, maji yanatoka kama mvuke na shati linabaki shati. Ukilitupa motoni maji yatatoka vilevile, tena upesi, ila yatatoka pamoja na shati lenyewe. Mvutaji wa msokoto anaipata THC yake, hilo halina ubishi, lakini anameza na shati lililoungua.

Na shati hilo lina mengi. Jani lolote likiungua bila hewa ya kutosha hutoa lami, gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, na kemikali za jamii ya benzopaireni ambazo zinajulikana kusababisha saratani. Watafiti wa Kanada waliupima moshi wa bangi kwa mashine na kuulinganisha na wa tumbaku, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008: amonia katika moshi wa bangi ilifika mara 20 ya ile ya tumbaku, na sianidi ya hidrojeni mara tatu hadi tano. Mtu akikwambia bangi haina neno kwa kuwa ni mmea wa asili, mkumbushe kwamba tumbaku nayo haikutengenezwa kiwandani.

Kuna jambo jingine ambalo halitokani na jani bali na namna ya kulivuta. Mwaka 1988 watafiti wa Los Angeles waliwapima wanaume 15 waliokuwa wakivuta bangi na tumbaku. Kwenye bangi walivuta pafu kubwa zaidi, wakalishusha chini zaidi kifuani, na wakaubana moshi humo karibu mara nne ya muda wanaoubana wa sigara. Matokeo yake, kwa kila msokoto mmoja kaboni monoksidi iliyoongezeka katika damu ilikaribia mara tano ya ile ya sigara moja, na lami iliyoingia ilikuwa kama mara tatu.

Huko kubana pumzi ndiko kunanishangaza mimi. Kila mvutaji amefundishwa na mwenzake: vuta, bana, hesabu hadi kumi, ndipo uachie. Watafiti wamelijaribu jambo hili, wakawabanisha watu pumzi kwa sekunde sifuri, kumi na ishirini, na ulevi waliousikia haukutofautiana kwa namna ya maana. THC hupita kwenye kuta za mapafu kwa sekunde chache sana. Muda unaobaki, uso umewiva na macho yanatoka machozi, ni wa lami kutulia kifuani. Hata asiyetaka kubadilisha chochote kingine angeweza kuiacha tabia hiyo leo, na hangepoteza kitu.

Wengine hukimbilia buruma la maji, wakidhani maji yanauosha moshi. Yanaupoza, hilo kweli, na koo halikwaruzwi sana. Lakini vipimo vilivyofanywa huko California katika miaka ya 1990 vilionyesha kuwa njiani hupotea THC nyingi kuliko lami, kiasi kwamba mvutaji hulazimika kuongeza pafu ili afike alikotaka kufika, na lami anaifidia palepale.

Moshi huo unafanya nini kifuani? Akademia za Kitaifa za Marekani, taasisi za wanasayansi na matabibu, zilizikusanya tafiti zote za kuaminika na kutoa ripoti mwaka 2017. Kuhusu kikohozi, makohozi na mkamba wa mara kwa mara, ushahidi ni mzito: wanaovuta bangi kwa muda mrefu huugua zaidi, na wakiacha wengi hupata nafuu. Kuhusu saratani ya mapafu, ripoti hiyohiyo haikuona uhusiano kama ule wa tumbaku, jambo ambalo liliwashangaza waliotarajia vingine. Sababu mojawapo huenda ni ya hesabu tu: anayevuta misokoto miwili kwa siku hawezi kulinganishwa na anayemaliza pakiti nzima ya sigara. Ila anayechanganya bangi na tumbaku katika msokoto mmoja asijihesabu humo, maana huyo amejiletea na uraibu wa nikotini.

Sasa kifaa cha mvuke. Kile cha majani makavu kina chemba ndogo, kama ncha ya kidole gumba, na chini yake au pembeni kuna kipasha joto cha betri au umeme. Unasaga majani, unayajaza, unasubiri nusu dakika hivi. Hewa unayoivuta inapita katikati ya majani yenye joto la nyuzi 160 hadi 230 kutegemea ulivyokiweka, inabeba THC na harufu, na majani hayashiki moto. Mwaka 2007 Donald Abrams na wenzake wa San Francisco walichapisha jaribio la watu 18 ambao kwa siku tofauti walivuta msokoto au mvuke wa majani yaleyale. THC katika damu ilikuwa karibu sawa. Kaboni monoksidi katika pumzi ilipanda baada ya moshi, na baada ya mvuke ikabaki karibu pale ilipokuwa. Mwaka huohuo uchunguzi wa mtandaoni uliowahoji watu karibu 7,000 ulionyesha kuwa watumiaji wa mvuke walilalamikia kikohozi na kubanwa kifua kidogo kuliko wavutaji wa moshi. Dodoso la mtandaoni si mizani ya dhahabu, mtu hujieleza apendavyo, lakini lilikubaliana na yale yaliyopimwa maabara.

Kama habari ingeishia hapa, mvuke ungeshinda bila jasho. Tatizo ni kwamba neno vepu limebeba vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kimoja ndicho hicho cha majani makavu. Kingine ni kijiti chembamba chenye katriji ya mafuta ya THC, ambapo koili ndogo ya chuma huyachemsha mafuta hayo kila unapovuta. Katika cha kwanza unaliona jani kwa macho yako. Katika cha pili unamwamini aliyejaza.

Mwaka 2019 wengi walimwamini asiyestahili. Katikati ya mwaka, hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana waliokuwa wazima wiki iliyopita, sasa wanahema kwa shida, wana homa na kutapika, na picha za vifua vyao zina ukungu mweupe pande zote mbili. Walipewa dawa za nimonia, hazikufua dafu. Kilichowaunganisha ni vepu, na wengi wao katriji za THC zilizonunuliwa mitaani au kwa marafiki. Hadi Februari 18, 2020, mamlaka za afya zilikuwa zimehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, na kati yao 68 walikuwa wamefariki.

Mkosaji alipatikana kwa kuwaosha mapafu wagonjwa kwa maji ya chumvi na kuyapima maji yaliyorudi. Katika sampuli za wagonjwa 51, zile za 48 zilikuwa na asetati ya vitamini E. Katika watu wazima 99 wa kulinganisha nao, haikuonekana hata kwa mmoja. Na vitamini E asetati si sumu ya kutisha, iko katika mafuta ya kupaka ngozi na vidonge vya kumeza. Wafanyabiashara waliipenda kwa sababu inafanana na mafuta ya THC kwa rangi na kwa uzito: ukichanganya, mnunuzi anaigeuza katriji, anaona kiputo kinapanda taratibu, anaridhika kwamba mali haijatiwa maji. Tumbo linaijua kazi ya mafuta hayo. Mapafu hayaijui. Aliyevuta msokoto mwaka ule alijiepusha na janga hilo, ndiyo maana nikasema jibu la haraka ni nusu tu.

Jingine linalomponza mtu anayetoka kwenye moshi ni kipimo. Msokoto hupoteza THC nyingi: nyingine inaungua, nyingine inapaa na ule moshi wa pembeni wakati hakuna anayevuta. Kifaa cha mvuke hakipotezi hivyo. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapa watu 17, ambao hawakuwa watumiaji wa mara kwa mara, miligramu zilezile za THC kwa njia zote mbili. Kwa miligramu 25, kilele cha THC katika damu kilikuwa wastani wa nanogramu 10.2 kwa mililita kwa moshi, na 14.4 kwa mvuke. Kwa dozi hiyo wawili walitapika, na mmoja akaona mauzauza. Na hiyo ni dozi ndogo kuliko iliyomo katika misokoto mingi. Kwa hiyo anayehama na aanze na nusu ya alichozoea, asubiri dakika kumi au kumi na tano, kisha ajipime mwenyewe kabla ya kuongeza.

Yapo mambo ambayo kifaa chochote hakiyagusi. THC ikishaingia kwenye damu haiulizwi ilipita mlango gani. Moyo utakwenda mbio vilevile, na mwenye ugonjwa wa moyo ana sababu ya kuhofu hata kama hajauona moshi. Ubongo wa kijana utaathirika vilevile, na mimba vilevile, na usukani haumfai aliyelewa kwa mvuke kama usivyomfaa aliyelewa kwa moshi. Kilichopunguzwa ni madhara ya kuungua, si ya bangi.

Halafu kuna kuvu. Majani yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na mmoja wao, aspajilasi, unaweza kujenga makao ndani ya mapafu ya mtu ambaye kinga yake imeshuka. Joto la mvuke haliaminiki kuua vijidudu vyake vyote, na hata msokoto, ambao ni ncha tu inayowaka, unaweza kuvipitisha vikiwa hai. Cha kusikitisha ni kwamba wenye kinga dhaifu, kama walio kwenye dawa za saratani, ndio haohao ambao mara nyingi huandikiwa bangi. Kwao ningesema waziwazi: ni bora kutovuta chochote, wamuulize daktari kuhusu vidonge au matone ya chini ya ulimi. Vidonge hukawia, nusu saa hadi saa mbili, na mwenye kichefuchefu kikali hapendi kungoja. Ndiyo sababu watu hurudi kwenye mapafu, ambako nafuu huja kwa dakika chache.

Basi kwa anayebaki na mapafu, chaguo langu ni kifaa cha majani makavu chenye kipimo cha joto kinachoonekana. Kati ya nyuzi 170 na 200 panatosha kwa wengi. Kadiri unavyopanda juu ya hapo, mvuke unakuwa mzito na mkali kooni, na unaanza kufanana na kile ulichokuwa unakikimbia. Ukimaliza, fungua chemba ikishapoa, mwaga kilichobaki kwenye karatasi nyeupe, ukitazame. Kikiwa cha kahawia, kikavu, bado kina umbo la jani, kifaa kimefanya kazi yake. Ukiona weusi au majivu, joto lilipita kiasi, na ulichovuta kilikuwa moshi.