Muziki si kidonge: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Siku hizi watu wanaandikiwa muziki kama dawa ya kikohozi. Huu dakika kumi asubuhi, akili ichangamke. Ule usiku, usingizi uje. Ule mwingine mwekee mjamzito tumboni, mtoto azaliwe na akili nyingi. Mimi nyimbo haziniishi mdomoni tangu nijitambue, kwa hiyo sibishi kwamba zinasaidia. Ninachobishia ni maelezo tunayopeana kuhusu zinavyosaidia.

"Mozart anaongeza akili ya mtoto"

Hii ndiyo mama wa imani hizi zote. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Frances Rauscher na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio dogo. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika kumi, kisha wakapewa mafumbo ya kukunja na kukata karatasi kwa kuwaza tu. Walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya, na baada ya kama robo saa faida ikayeyuka. Mtoto mchanga hakuwemo hata mmoja. Lakini habari ilivyozidi kusafiri ndivyo ilivyozidi kunenepa, hadi mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa klasiki.

Wengi waliorudia jaribio lile walipata matokeo madogo mno, au hawakupata kitu. Glenn Schellenberg na wenzake, huko Kanada, ndio waliofumbua fumbo lenyewe: wimbo uliochangamka unamchangamsha msikilizaji, na mtu aliyechangamka hufanya mtihani vizuri. Basi. Katika majaribio yao, waliopenda kusikiliza hadithi kuliko muziki walisaidiwa vilevile na hadithi. Kwa hiyo kama Mozart anakusinziisha na taarabu inakuamsha, anza siku na taarabu.

Na masomo ya muziki je? Mtoto apelekwe, lakini kwa ajili ya muziki wenyewe. Faida ya uhakika ya kujifunza gitaa ni kwamba utajua kupiga gitaa, na hiyo si ndogo.

"Kuimba kuna wenyewe, mimi sina sauti"

Nilipokuwa shuleni, mwalimu wa kwaya alipita nyuma yetu akiinamisha sikio kwenye kila mdomo. Aliponifikia alinigusa bega: "Wewe chezesha midomo tu." Nilichezesha midomo miaka mitatu. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba karibu kila kundi la watu lina mmoja aliyeguswa bega namna hiyo, na wengi wao hawakuimba tena.

Wapo kweli ambao ubongo wao hautofautishi sauti ya juu na ya chini, wanaosikia wimbo kama vyombo vinavyogongana. Mtafiti Isabelle Peretz wa Montreal, Kanada, amewachunguza kwa miaka mingi, na makadirio aliyotoa na mwenzake mwaka 2017 ni kama asilimia 1.5 ya watu. Ukiweza kuutambua wimbo unaoufahamu kwa kusikia mluzi tu, bila maneno, huenda wewe si mmoja wao. Wengi wanaokosea sauti wakiimba wanasikia vizuri kabisa. Tatizo lao ni koo ambalo halijazoea kutii sikio, na koo hufundishika kama mkono wa mshonaji.

Kunyamaza kunamnyima mtu mambo mawili. La kwanza ni pumzi. Mstari mrefu wa wimbo unakulazimisha uvute hewa haraka na kuitoa polepole, na moyo hufuata pumzi. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwapima wanakwaya mwaka 2013, wakakuta mapigo ya mioyo yao yanapanda na kushuka pamoja kwa kufuata mistari ya wimbo. La pili ni watu. Mtafiti Robin Dunbar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia madarasa ya watu wazima kwa miezi saba: mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono, mengine ya uandishi. Mwisho wa safari wote walikuwa wameshikamana, ila waimbaji walizoeana mapema kuliko wengine. Wahenga walishasema kuimba ni kupokezana. Hawakusema ni kupendeza.

"Nyimbo za huzuni zinazidisha huzuni"

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Berlin waliwahoji watu 772 kuhusu nyimbo za aina hiyo. Hisia iliyotajwa mara nyingi kuliko zote haikuwa huzuni, ilikuwa kukumbuka ya zamani kwa hamu. Wimbo wa majonzi hukupa mtu wa kulia naye ambaye hakuombi maelezo. Tahadhari ipo: kuna anayeucheza mara ishirini huku akitafuna jambo lilelile, na huyo haumsaidii. Jiulize tu ukiisha unajisikiaje. Kama umekuwa mwepesi, endelea.

"Ukifanya kazi, weka muziki"

Inategemea kazi. Kuosha vyombo, kupiga pasi, kukimbia: ndiyo, mwili hudandia mdundo na uchovu hausikiki sana. Kusoma au kuandika: wimbo wenye maneno unagombania mlango mmoja na maneno yaliyo mbele yako. Weka usio na maneno, au zima.

"Masafa ya 432 yanaponya, ya 440 yanadhuru"

Hapa nisikae sana. 440 ni kipimo cha noti ya A, ambayo ala hulinganishwa nayo: makubaliano ya mafundi tu ili ala ziwiane, yaliyopendekezwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Namba hizo huhesabu mitetemo katika sekunde moja, na sekunde tumeipima wenyewe. Mwili hauna saa ya ukutani.

"Muziki unatibu" na "muziki ni starehe tu"

Nimeziunganisha kwa sababu zinakosea kwa pande mbili za jambo moja.

Chukua mtu aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Anaelewa unachomwambia, ila neno halitoki. Mwanzishie wimbo wa utotoni na maneno yanamtoka mstari mzima, naye anashtuka kuliko wewe. Kuanzia mwaka 1973, wataalamu wa Boston, Marekani, waliligeuza jambo hilo kuwa zoezi. Mgonjwa hushikwa mkono wa kushoto ukagongwa mezani kwa kila silabi, na sentensi ya kawaida huimbwa kwa noti mbili tu, ile ya juu ikiangukia penye mkazo: na-TA-ka MA-ji. Kugonga mara tano, sauti mbili. Baada ya wiki nyingi wimbo unapunguzwa kidogo kidogo hadi ibaki sentensi. Ni kazi ngumu, na si kila mgonjwa inamfaa.

Huko Helsinki, utafiti wa mwaka 2008 uliwagawa wagonjwa 60 wa kiharusi: waliosikiliza muziki waliouchagua wenyewe kila siku kwa miezi miwili, waliosikiliza vitabu vya sauti, na wasiopewa kitu. Kumbukumbu ya maneno na umakini viliwarudia zaidi wale wa muziki. Kuhusu upasuaji, uchambuzi wa majaribio 73 uliotoka katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2015 ulionyesha kwamba muziki ulipunguza maumivu, wasiwasi na dawa za maumivu walizohitaji wagonjwa, hata waliochezewa wakiwa kwenye nusukaputi.

Yote hayo yalitokea pembeni ya matibabu, si badala yake. Hakuna wimbo uliozibua mshipa wa damu. Anayekuuzia rekodi ya kuponya kisukari anakuibia.

"Sauti kubwa ndiyo utamu"

Chembe za kusikia ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi 90, zinabaki saa nne. Mtu aliyekaa kando yako akisikia maneno ya wimbo kutoka kwenye hedifoni zako, punguza.

"Kila mtu anapenda muziki"

Mwaka 2014 watafiti wa Barcelona walieleza watu wazima wenye afya, wanaosikia vizuri, wanaofurahia kushinda pesa kama yeyote, ila wimbo hauwagusi hata kidogo. Hawana msongo wala kiburi, na wimbo uliokutoa machozi wewe kwao ni kelele zilizopangwa vizuri. Labda unaye mmoja nyumbani. Akikwambia punguza redio, mpunguzie tu, hana ugomvi na wewe.